Gari na vani katika majira ya baridi: pima kwanza, ndipo ununue kifaa

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, baridi inapoanza kukaza, maswali yanayoletwa huwa ni yale yale: gari limegoma kuwaka asubuhi, hita inatoa hewa ya baridi, vani imezima njiani, kioo kimejaa ukungu. Majibu nayo hayabadiliki: badilisha betri, badilisha alteneta, badilisha pampu. Nimeona niandike uzi huu kwa sababu watu wengi wanapoteza fedha kwa kubahatisha, ilhali matatizo ya gari wakati wa baridi yana visababishi vichache vinavyojulikana, na vingi kati yake mwenye gari anaweza kuvipima mwenyewe. Vifaa anavyohitaji ni mita ya umeme, kipimo cha kulanti (maji ya kupozea injini) na kipimo cha upepo wa matairi, na vyote vinaenea kwenye droo ya dashibodi.

Nianze na betri, kwa kuwa ndiyo inayolaumiwa kuliko kifaa kingine chochote. Betri ya kawaida ya risasi na asidi hutoa umeme kwa mmenyuko wa kikemia, na mmenyuko huo hupungua kasi kadiri joto linavyoshuka. Ifikapo nyuzi 18 chini ya sifuri, hata betri nzima hubaki na takriban nusu tu ya uwezo wake, na wakati huohuo oili imekuwa nzito, hivyo stata inadai umeme mwingi zaidi ili kuizungusha injini ileile. Kinachoizeesha betri hasa ni joto la kiangazi, lakini uchovu wake hauonekani mpaka itakapodaiwa nguvu yote asubuhi yenye barafu, na ndiyo maana watu husema betri "imekufa ghafla" ilhali imekuwa ikidhoofika kwa miezi.

Kuipima si kazi ya fundi peke yake. Acha gari lilale usiku kucha, kisha asubuhi, kabla ya kuwasha chochote, weka mita kwenye volti za umeme wa mkondo mnyoofu na uguse nguzo mbili za betri. Ukisoma 12.6 au zaidi, betri imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu. Chini ya 12 ihesabu kuwa tupu. Usiishie hapo, kwa maana usomaji wa betri iliyopumzika unakueleza imejaa kiasi gani, haukuelezi ina nguvu kiasi gani. Mwombe mwenzako awashe gari huku wewe ukiendelea kuitazama mita. Volti zitaporomoka wakati stata inazunguka, na hilo ni la kawaida. Lakini zikishuka chini ya 9.6 katika hali ya joto ya wastani, ilhali betri ilisomeka imejaa, basi betri hiyo imechakaa ndani. Injini ikishawaka, usomaji wa kati ya 13.8 na 14.7 unaonyesha kuwa alteneta inachaji. Baadhi ya magari mapya huongoza alteneta kwa kompyuta na usomaji unaweza kupanda na kushuka, kwa hiyo usishtuke ukiona namba inatembea. Shtuka ikibaki palepale kwenye 12 na pointi kadhaa huku taa na hita vikiwa vimewashwa.

Kuna kipimo kimoja ambacho wengi hawakifanyi, nacho ndicho ninachokipenda zaidi. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mwenzako awashe gari. Kama waya wa athi uko salama, mita itaonyesha volti kidogo sana, chini ya 0.2 au karibu na hapo. Ikionyesha nusu volti au zaidi, umeme unapotea njiani kwenye waya uliooza au kwenye nati yenye kutu, na hata ununue betri kubwa kiasi gani, stata itaendelea kuzunguka kivivu.

Kuhusu safari fupi, niseme kwa kifupi: kuwasha injini ya baridi, kisha kuweka taa, feni ya hita na waya za kuyeyusha barafu kwenye kioo cha nyuma, na kuzima baada ya mwendo wa dakika chache, ni kuitoa betri umeme mwingi kuliko unaoirudishia. Mwenye matumizi ya namna hiyo anahitaji chaja ya ukutani kuliko betri mpya. Pia betri iliyoisha umeme huweza kuganda kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri, kwa sababu asidi yake imekaribia kuwa maji, wakati iliyojaa haigandi mpaka zaidi ya nyuzi 50 chini ya sifuri. Ukiikuta betri imevimba ubavuni baada ya usiku wa baridi kali, usiibusti kwa betri ya gari jingine wala usiichaji, inaweza kupasuka.

Sasa kulanti. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, na nguvu hiyo hupasua rejeta na hata bloku ya injini. Mchanganyiko wa nusu maji na nusu glikoli ya ethilini huganda karibu na nyuzi 37 chini ya sifuri. Watu husikia hivyo wakadhani kwamba wakijaza glikoli tupu watapata kinga kubwa zaidi, na sivyo ilivyo: glikoli isiyochanganywa huganda karibu na nyuzi 13 chini ya sifuri, na isitoshe hubeba joto vibaya kuliko mchanganyiko. Kwa hiyo anayeongeza maji matupu kila mara na anayeongeza glikoli tupu kila mara wanaelekea kwenye hasara ileile kwa njia mbili. Tone moja kwenye kipimo cha kulanti linatosha kukuonyesha kiwango cha kuganda. Rangi isikuongoze, kwa maana watengenezaji hawakubaliani kuhusu rangi. Soma kitabu cha gari ujue aina inayotakiwa. Na ukimwaga kidogo chini, kifute, kwa kuwa glikoli ya ethilini ina ladha tamu na ni sumu kwa watoto na wanyama.

Oili sina mengi ya kusema juu yake. Namba inayotangulia herufi W inaeleza jinsi oili inavyotiririka kwenye baridi, na kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo oili inavyofika haraka kwenye vyuma injini inapowaka. Aliyeagizwa 5W-30 na mtengenezaji asijitie ujuzi wa kuweka 20W-50 eti injini ni ya zamani, halafu akashangaa stata inapolia.

Maswali yanakaribishwa. Naomba anayeuliza aeleze alichopima.

Mzigo Mwepesi

Mkuu, asante kwa maelezo. Nina vani ya dizeli ambayo asubuhi ya baridi kali iliwaka vizuri kabisa, nikaendesha kama dakika kumi, kisha ikaanza kukosa nguvu, ikakataa kupanda mlima na hatimaye ikazima. Ilivutwa hadi karakana, ikalala ndani, na kesho yake ikawaka kana kwamba haikuwa na tatizo lolote. Fundi anasema pampu ya shinikizo kubwa imekwisha na anataka kuibadilisha. Nimkubalie?

Mleta uzi

Ndugu yangu, usimkubalie bado. Ulivyoeleza, hasa lile la kuwaka vizuri baada ya kulala mahali penye joto, ni dalili ya dizeli iliyoganda nta, wala pampu mbovu haiponi kwa kulala.

Dizeli ina nta ya parafini ndani yake, ambayo katika joto la kawaida imeyeyuka na haionekani. Joto likishuka, nta hiyo huanza kujitenga kwa chembe ndogo na dizeli hupata ukungu. Chembe hizo hupita kwenye bomba bila shida, lakini zikifika kwenye filta hunasa kwenye karatasi yake na kuijaza. Injini yako iliwaka kwa sababu dizeli iliyokuwa tayari mbele ya filta ilitosha kuanzia. Kadiri ulivyoendesha, filta ikaziba, na ulipodai nguvu ya kupanda mlima, mafuta yakawa hayatoshi. Fundi angeifungua filta palepale barabarani angekuta karatasi imepakwa kitu cheupe chenye utelezi kama mshumaa. Alipoifungua karakanani, nta ilikuwa imekwisha kuyeyuka na filta ikaonekana safi, ndipo akageukia pampu.

Swali ninalokuuliza ni hili: dizeli iliyokuwamo tangini uliijaza lini na wapi? Dizeli ya majira ya joto hutengenezwa bila kuzingatia baridi, na ya majira ya baridi hutengenezwa tofauti. Kiwango cha Ulaya cha EN 590 kina madaraja yanayopangwa kwa kiwango cha joto ambacho filta huanza kuziba. Daraja F ni nyuzi 20 chini ya sifuri, na yapo madaraja ya maeneo ya aktiki yanayofika nyuzi 44 chini ya sifuri. Vani inayotumika mara chache inaweza kuingia kwenye baridi kali ikiwa bado imebeba mafuta ya kiangazi, na vani iliyojazwa mahali pa joto kisha ikapanda milimani inaweza kukutwa na jambo hilohilo.

Cha kufanya ni kubadilisha filta, kumwaga maji yaliyojikusanya chini ya nyumba ya filta (maji hayo nayo huganda na kuziba), kisha kujaza dizeli ya majira ya baridi. Zipo dawa za kuzuia nta, na zinasaidia, ila hutiwa dizeli ikiwa bado angavu. Haziyeyushi nta iliyokwisha kujitenga. Utasikia wazee wa kazi wakishauri kuchanganya petroli kidogo. Kwenye injini za zamani ushauri huo ulikuwa na mantiki yake. Kwenye injini za sasa, ambazo pampu yake husukuma mafuta kwa shinikizo la zaidi ya bar 1,500 na hulainishwa na dizeli yenyewe, kuchanganya petroli ni njia ya kuipata kweli ile pampu mbovu ambayo fundi wako anaitafuta.

Fundi Mstaafu

Naunga mkono, na ninaongezea kitu kimoja ili wasomaji wasichanganye mambo mawili. Kama stata inazunguka kwa nguvu lakini dizeli haiwaki kabisa, au inawaka kwa kutetemeka na kutoa moshi mweupe kwa muda, kabla ya kulaumu mafuta kagua hita plagi, yaani plagi zinazopasha joto silinda za dizeli kabla ya kuwaka. Huhitaji kuzifungua, tenganisha waya wake na upime ukinzani kati ya ncha ya plagi na chuma cha injini. Plagi nzima husoma karibu na omu 1 au pungufu. Ikisoma kwamba hakuna mkondo unaopita, imekatika. Unapozibadilisha, pasha injini joto kwanza na usitumie nguvu nyingi, kwa sababu plagi iliyokatikia ndani ya silinda hedi huigeuza kazi ya saa moja kuwa ya siku kadhaa.

Kifaru

Mimi nina mtazamo tofauti kidogo. Gari langu linavuta kwa magurudumu manne, na sijawahi kukwama. Naona mambo ya kubadilisha matairi mara mbili kwa mwaka ni gharama ya bure kwa mtu mwenye gari la namna hiyo.

Mleta uzi

Ndugu Kifaru, kutokwama ni jambo moja na kusimama ni jambo lingine. Magurudumu manne yanayovuta yanakusaidia kuondoka, kwa kuwa nguvu ya injini inagawanywa mahali pengi. Ukikanyaga breki, kila gari, hata linalovuta kwa mawili, hufunga breki kwenye magurudumu yote manne, kwa hiyo faida yako imekwisha hapohapo. Kibaya zaidi ni kwamba gari linaloondoka kirahisi halimpi dereva taarifa kuwa barabara inateleza.

Tufanye hesabu, kwa maana ni nyepesi. Umbali wa kusimama baada ya breki kukamata hutegemea mraba wa mwendo na msuguano kati ya tairi na barabara. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kwenye lami kavu yenye kizio cha msuguano cha 0.7, gari husimama ndani ya mita 14 hivi. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, yenye kizio cha 0.2, zinakuwa karibu mita 49. Kwenye barafu yenye 0.1, ni mita 98, karibu urefu wa uwanja wa mpira, na hapo sijahesabu muda wa dereva kuona hatari na kuusogeza mguu. Barafu inayokaribia sifuri huteleza zaidi kuliko ile ya baridi kali, kwa sababu juu yake huwa na utando wa maji, ndiyo maana asubuhi ya nyuzi 0 ni ya kuogopwa kuliko ya nyuzi 15 chini ya sifuri.

Tairi la majira ya baridi limetengenezwa kwa mpira unaobaki laini. Mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, hata kama hakuna theluji. Ukinunua, tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na ua la theluji ndani yake, kwa kuwa alama hiyo inatolewa baada ya jaribio. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake ni tamko la mtengenezaji tu. Ujerumani, kwa mfano, imekwisha kuacha kuzikubali zikiwa peke yake kama uthibitisho wa tairi la baridi. Kina cha mifereji kinachoruhusiwa kisheria katika nchi nyingi za Ulaya ni milimita 1.6, lakini kwenye theluji tairi la chini ya milimita 4 halikufikishi mbali.

Upepo pia unasahaulika. Kila joto linaposhuka kwa nyuzi 10, tairi la gari dogo hupoteza takriban bar 0.1. Aliyejaza vizuri siku ya nyuzi 20 ataamka siku ya nyuzi 10 chini ya sifuri akiwa na upungufu wa bar 0.3, na taa ya tahadhari ikiwaka atadhani ana pancha. Pima asubuhi matairi yakiwa ya baridi.

Mzigo Mwepesi

Nimerudi na matokeo. Filta imebadilishwa na tangi limejazwa dizeli ya baridi, na vani haijazima tena. Nikafanya pia kile kipimo cha athi, kwa kuwa stata imekuwa ikizunguka kwa uvivu tangu nilipoinunua. Mita imesoma 0.9 vani inapowashwa. Betri ni mpya.

Mleta uzi

Hiyo 0.9 ndiyo iliyokununulisha betri. Tenganisha nguzo hasi kwanza, kisha ufungue waya wa athi pande zote mbili, kwenye bodi na kwenye giaboksi au injini. Sugua kwa msasa mpaka uone chuma king'aacho, si upande wa waya tu bali na mahali unapokaa, kisha funga kwa nguvu na upake grisi juu yake ili chumvi inayomwagwa barabarani isiingie. Pima tena. Namba isiposhuka, waya wenyewe umeoza ndani ya plastiki yake, ubadilishe.

Kwa kuwa una vani, niongeze la mzigo. Vani nyingi zinazovuta kwa magurudumu ya nyuma hukosa uzito nyuma zikiwa tupu, na hapo ndipo zinapozunguka tairi bila kwenda. Mifuko ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma husaidia, ilimradi iwe imefungwa barabara na usizidishe uzito ulioruhusiwa, kwa sababu mfuko usiofungwa hukufuata mgongoni unapofunga breki. Ukinunua matairi, yawe yale yenye herufi C na kiwango cha uzito kilichoandikwa kwenye kibao cha gari. Tairi la gari dogo linaloingia kwenye rimu ya vani halibebi mzigo wa vani. Minyororo ya theluji hufungwa kwenye magurudumu yanayovuta, mwendo wake kwa kawaida hauzidi kilomita 50 kwa saa, na ukifika kwenye lami tupu uiondoe kabla haijakatika na kuchana upande wa gari.

Msafiri Mpya

Shikamoo mleta uzi. Mimi nilijifunza udereva mahali pa joto na huu ni msimu wangu wa kwanza wa theluji. Nina maswali matatu. Kioo cha mbele kinajaa ukungu kwa ndani kila asubuhi. Handbreki juzi iliganda na gurudumu la nyuma likakataa kuzunguka. Na jirani ananiambia niache gari likiunguruma robo saa kabla ya kuondoka. Je, ni kweli?

Mleta uzi

Marahaba. La ukungu linatokana na unyevu ulio ndani ya gari kukutana na kioo cha baridi. Washa hita pamoja na eisi, jambo ambalo wengi huliona la ajabu wakati wa baridi, lakini eisi hukausha hewa kabla hita haijaipasha. Hakikisha hewa inaingia kutoka nje, kwa maana ukiwa umeweka ya kuzunguka ndani unajirudishia pumzi yako mwenyewe. Kunapokuwa na baridi kali, magari mengi huizuia kompresa isifanye kazi, na hapo utategemea hewa kavu ya nje na hita pekee. Kung'uta theluji viatuni kabla ya kuingia. Yote hayo yasiposaidia, inua mazulia uguse chini yake. Zulia lililoloa kwa maji matupu linaonyesha kwamba mifereji ya kutolea maji chini ya waipa imezibwa na majani. Likiwa na utelezi na harufu tamu, rejeta ndogo ya hita inavuja kulanti, na dalili yake nyingine ni ukungu wenye mafuta usiofutika vizuri kwenye kioo.

Barafu ya nje ikwangue au uinyunyizie dawa yenye spiriti. Maji ya moto yanapasua kioo. Hakikisha pia waipa hazijagandia kwenye kioo kabla ya kuziwasha, la sivyo utaunguza fyuzi au mota yake.

Handbreki ya magari yenye breki za ngoma nyuma huganda pale ngoma inapokuwa na maji na gari likaachwa usiku limevutwa. Mahali pa tambarare, egesha kwa gia ya kwanza au P, weka kizuizi gurudumuni, na usiivute handbreki. Ikishaganda, gonga ngoma kwa nyundo taratibu au usogeze gari mbele na nyuma kidogo. Usilazimishe kwa kukanyaga mafuta, kwa sababu kitambaa cha breki kinaweza kubanduka kwenye chuma chake.

Kuhusu kuunguruma robo saa, jirani anaongozwa na desturi ya injini za kabureta. Injini ya sasa inahitaji nusu dakika hadi dakika moja ili oili ifike juu, kisha uendeshe polepole bila kuizungusha sana mpaka geji ya joto ipande. Injini inayounguruma mahali pamoja hupata joto kwa shida, hasa ya dizeli, na petroli isiyoungua vizuri huingia kwenye oili.

Sasa jambo ambalo hukuuliza. Theluji ikikufunika ukiwa umesimama, au gari likiwa limeegeshwa ndani ya lundo la theluji, ondoa theluji kwenye mdomo wa bomba la moshi kabla ya kuwasha injini. Bomba likizibwa, monoksidi ya kaboni huingia ndani ya gari. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, na huua watu waliolala huku wakiota joto la hita. Usiliwashe gari ndani ya gereji iliyofungwa hata kwa dakika chache.

Dereva wa Usiku

Gari langu hita yake inatoa hewa ya uvuguvugu tu, na mshale wa joto hausogei mpaka katikati. Nimeambiwa rejeta ya hita imeziba na dashibodi yote lazima ing'olewe. Pia linatoa moshi mweupe asubuhi. Je, ni gasketi ya silinda hedi?

Fundi Mstaafu

Nijibu mimi. Mshale usiofika katikati unaelekeza kwenye themostati, yaani valvu inayozuia kulanti isiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, iliyokwama ikiwa wazi. Washa gari likiwa la baridi na ushike bomba la juu la rejeta kubwa. Linatakiwa kubaki baridi kwa dakika kadhaa kisha lipate moto kwa ghafla themostati inapofunguka. Likianza kupata joto polepole tangu mwanzo, themostati haifungi, na hiyo ni kazi ndogo. Ni pale mshale unapofika katikati na hita bado ni baridi ndipo unaposhika mabomba mawili yanayoingia kwenye hita: yakiwa ya moto yote mawili, tatizo liko kwenye vizibo vya hewa ndani ya dashibodi, moja likiwa la moto na jingine baridi, ndipo useme rejeta ya hita imeziba, au kuna hewa ndani ya mfumo kwa sababu kulanti imepungua.

Moshi mweupe wa asubuhi usikutie hofu mara moja. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji kwa njia ya mvuke, na kwenye baridi mvuke huo unaonekana. Ukitoweka bomba likishapata moto, ni maji ya kawaida. Ukiendelea injini ikiwa imekwisha kupata moto, una harufu tamu, na kulanti inapungua bila kuvuja nje, hapo pima gasketi.

Mzigo Mwepesi

Swali la mwisho kwangu. Nataka kuuza hii vani na kununua nyingine iliyotumika, na zote ninazozitazama zimetoka kwenye barabara zinazomwagwa chumvi. Niangalie nini?

Mleta uzi

Iweke juu ya stendi imara au uombe ipandishwe karakanani, kwa maana kutu ya chumvi haionekani ukiwa umesimama. Bodi yenye malengelenge ya rangi juu ya matairi inasikitisha macho tu, lakini chini kuna mambo matatu yanayoua dili. La kwanza ni mabomba ya chuma ya breki, hasa yale yanayopita juu ya ekseli ya nyuma na nyuma ya vibanio vya plastiki ambako chumvi iliyolowa hukaa. Bomba lenye kutu ya unga linaweza kufutwa na kuendelea. Lenye magamba na vishimo halifai, kwa sababu litapasuka siku ya kufunga breki kwa nguvu, na siku hiyo ndiyo unayolihitaji. La pili ni mahali springi na mikono ya sasipenshoni inaposhikamana na chesisi: gonga kwa mpini wa bisibisi, chuma kizima hulia na kilichooza hutoa sauti ya kufa. La tatu ni kizingiti kilicho chini ya mlango wa kuteleza, ambacho kwenye vani hubeba uzito na hukusanya maji. Ukikuta sehemu hizo zimepakwa lami nyeusi mbichi siku chache kabla ya kuuzwa, dhani kwamba kuna kitu kimefichwa, kwangua kidogo kwa ruhusa ya muuzaji, na akikataa, ondoka.

Ukishainunua, osha chini yake kwa maji mengi kila joto linapopanda juu ya sifuri, halafu ikaushe mipira ya milango na kuipaka silikoni ili isigandiane. Na mafuta ya breki yabadilishwe kama hujui yaliwekwa lini, kwa sababu hufyonza unyevu hewani na kuyaozesha mabomba yaleyale kutoka ndani.